Lily Parr na Lango Lililofungwa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikizungumza juu ya washairi wa zamani, ngoma na mila za pwani. Leo nawaomba mnivumilie, maana nataka kuwaeleza maisha ya mwanamke mcheza kandanda, tena Mwingereza, aliyefariki dunia mwaka 1978. Sababu ya kufanya hivyo imo nyumbani mwangu hapa Eldoret, nami nitaitaja kwa ufupi kabla ya kuingia katika habari yenyewe.

Binti yangu kitindamimba ana umri wa miaka 15. Mwanzoni mwa muhula alikuja nyumbani na karatasi ya kuomba idhini ya mzazi ili acheze katika timu ya wasichana ya shule. Nafasi yake ni kiungo, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja, anayeupokea mpira kutoka nyuma na kuupeleka mbele. Niliipokea karatasi ile, nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu, nikamwambia nitaitazama. Wiki tatu zikapita sijaitazama. Mimi ni mtu wa Lamu. Nimelelewa chuoni mbele ya mwalimu mwenye henzirani ndefu, na katika malezi yale mpira ulikuwa mchezo wa wavulana, tena wavulana watoro. Nilipokuwa ningali kijana ninaishi Mombasa nilimkatalia dada yake mkubwa jambo hili hili, bila ya kumpa sababu yoyote, naye hakuniuliza tena. Huko kutoniuliza tena ndiko kunakonirudia siku hizi.

Ajabu ya mji huu ni moja. Alfajiri ukisimama kando ya barabara iendayo Iten utawaona wasichana wakipita mbio, mvuke ukiwatoka vinywani kwa baridi, na hapana mzee anayegeuza shingo kuwatazama. Tangu Tegla Loroupe aliposhinda mbio ndefu za New York mwaka 1994, msichana mwenye mbio huku juu amekuwa fahari ya wazazi wake. Lakini mtie mpira miguuni msichana huyo huyo, na hapo maswali huanza: ataolewa na nani, ataumia wapi, amevaa nini. Mimi nami, mgeni niliyetoka baharini, nikawa mmoja wa wenye maswali.

Nilikuwa nimekaa barazani na kitabu chenye habari za Lily Parr alipopita jirani yangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo cha Rivatex. Yeye anazikumbuka vyema zile zama ambapo Rivatex na kiwanda cha maziwa cha KCC vilikuwa na timu zao za kandanda, na watu wa Eldoret wakigawanyika kwa timu hizo kama wagawanyikavyo kwa siasa. Nilipomwambia kuwa ninasoma habari za mwanamke mcheza mpira, la kwanza alilotaka kujua ni alikuwa wa kiwanda gani. Mzee hakukosea. Umaarufu wa Lily Parr ulianzia kiwandani.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1905 katika mji wa St Helens, kaskazini magharibi ya Uingereza, mji wa viwanda vya vioo na migodi ya makaa ya mawe. Baba yake, George, alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo. Watoto walikuwa saba, naye Lily alikuwa wa nne. Hapakuwa na fedha za kuchezea, ila palikuwa na kiwanja kitupu jirani na nyumba, na kaka zake walimchukua pamoja nao kwenye mpira wa miguu na kwenye raga. Huko ndiko alikojifunza kupiga mpira kwa nguvu na kutoogopa kusukumwa. Alikua akawa mrefu, karibu futi sita, mwenye nywele nyeusi na ulimi mkali.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowapeleka wanaume mstari wa mbele, wanawake wa Uingereza waliingizwa viwandani kutengeneza silaha. Wakati wa mapumziko walicheza mpira uani. Viwanda vikaona faida: mchezo uliwapa wafanyakazi afya, na watu walikuwa tayari kulipa kiingilio ili fedha ziende kwa majeruhi. Katika mji wa Preston, kiwanda cha Dick, Kerr na Kampuni, ambacho kabla ya vita kilitengeneza vyombo vya tramu na reli, kilikuwa na timu chini ya usimamizi wa karani mmoja, Alfred Frankland. Siku ya Krismasi mwaka 1917 wasichana wa Dick, Kerr walicheza katika uwanja wa Deepdale, uwanja wa klabu kubwa ya mji ule. Walikuja watazamaji 10,000, zikapatikana pauni 200 kwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Lily wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 12.

Vita viliisha mwaka 1918 lakini timu haikuisha. Lily alikuwa akichezea wanawake wa St Helens walipokutana na Dick, Kerr, na Frankland alikuwa pembeni ya uwanja akitazama. Aliwataka wachezaji wawili wa St Helens: Alice Woods, msichana mwenye mbio nyingi, na huyu Lily wa miaka 14. Akawaahidi kazi kiwandani, na shilingi 10 kwa kila mchezo, kufidia muda wa kazi uliopotea. Basi mwaka 1920 Lily akahamia Preston, akapewa malazi katika nyumba ya mchezaji mwenzake.

Hizo shilingi 10 zimezusha maneno mengi. Wapo wasemao kuwa ndio mwanzo wa mwanamke kulipwa kwa kucheza kandanda, na wapo wasemao yalikuwa marupurupu tu. Mimi nasema mtoto wa kibarua mwenye ndugu sita hakuwa na haja ya kulipa jina jambo hilo. Husimuliwa pia kwamba sehemu ya ujira wake alitaka apewe kwa sigara za Woodbine, maana alivuta sana. Mimi sili yamini, lakini nalitaja kwa kuwa wote waliocheza naye walimjua kuwa mtu wa kusema alitakalo.

Alicheza winga ya kushoto. Mwenye kupenda mpira wa siku hizi na akumbuke kuwa mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi nzito, na ukilowa matope ulikuwa kama jiwe lililofungwa kitambaa. Wachezaji wengi, wanaume wakiwamo, hawakuweza kuutoa ukingo mmoja wa uwanja na kuufikisha ukingo wa pili. Lily aliuweza. Katika msimu wake wa kwanza anahesabiwa mabao 43. Wengine huyafikisha mabao ya maisha yake yote karibu 1,000, na hapo mimi husita, maana mabao ya Lily Parr yamekuwa kama umri wa wazee wa kwetu, huongezeka kila anapokuja mtu kuyahesabu. Nimwonapo mimi, sifa yake ilikuwa zaidi katika kuwalisha wenzake. Alichukua mpira kushoto, akawavuta walinzi kwake, kisha akauvusha kwa Florrie Redford au kwa Jennie Harris, yule mfupi mwepesi, nao wakamaliza. Kwa hivyo ingawa hakuwa kiungo, alifanya kazi aifanyayo kiungo, akiifanyia pembeni.

Kuna picha ya timu ile niliyoitazama muda mrefu. Jezi zao ni za mistari myeusi na myeupe, kaptura, na kila mmoja amevaa kofia ndogo ya mistari iliyozificha nywele. Mtu wa chuoni kama mimi hakosi kuona kofia. Tunabishana mwaka hadi mwaka juu ya kitambaa cha kichwa uwanjani, ambacho wakuu wa kandanda duniani walikiruhusu mwaka 2014, na kumbe zaidi ya miaka 90 kabla yake mabingwa wa Preston walicheza wakiwa wamefunika vichwa, na mpira uliingia golini vile vile.

Mwezi wa Desemba mwaka 1920 ndio mwezi wao. Tarehe 16 walicheza usiku uwanjani Deepdale ili kuwachangia askari wa zamani waliokosa kazi. Taa za uwanja hazikuwako siku hizo, hivyo walipewa kurunzi mbili kubwa za jeshi, zile za kumulika ndege za adui, kwa idhini ya Winston Churchill, ambaye alikuwa waziri wa vita. Mipira ilipakwa chokaa ili ionekane gizani. Siku 10 baadaye, siku ya pili ya Krismasi, walikwenda uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kucheza na St Helens, timu ile ile aliyotoka Lily. Waliingia watu 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Florrie Redford aliikosa treni siku hiyo, basi nahodha Alice Kell, ambaye desturi yake ilikuwa kulinda nyuma, alisogezwa mbele kipindi cha pili akafunga mabao matatu. Dick, Kerr walishinda 4 kwa 0. Fedha zilizopatikana kwa sadaka zilikuwa pauni 3,115. Hebu mtazame msichana wa miaka 15, miezi michache baada ya kutoka mtaa wa wafanya vioo, anakanyaga majani mbele ya watu wengi kuliko wanaokaa katika miji kadhaa ya nchi yake.

Mwaka 1921 timu ilicheza michezo 67, na jumla ya watazamaji inakisiwa kuwa 900,000. Na kazi ya kiwandani haikusimama. Walifanya kazi siku za juma, wakapanda gari moshi kwenda kucheza, wakarudi usiku, asubuhi wakasimama tena mbele ya mashine.

Kisha ikaja tarehe 5 Desemba 1921. Siku hiyo Chama cha Kandanda cha Uingereza kilitoa azimio kwamba mchezo huo hauwafai wanawake na hawapaswi kutiwa moyo kuucheza, kwamba fedha nyingi mno za kiingilio zilimezwa na gharama badala ya kufikia wahitaji, na kwamba klabu zote zilizo chini yake zisiwape wanawake viwanja vyao. Waamuzi wa chama nao hawakuruhusiwa kusimamia michezo hiyo. Madaktari walipatikana wa kuthibitisha kuwa mwili wa mwanamke hauhimili mateke, madaktari wa nchi iliyokuwa imetoka kuwasimamisha wanawake hao hao mbele ya baruti kwa miaka minne.

Juu ya sababu za kweli watu hawakubaliani. Wengine hukumbusha kuwa mwaka ule wachimba makaa walifungiwa migodi na waajiri, na timu za wanawake zikacheza kuwachangia chakula wao na watoto wao, jambo lisilowapendeza wakubwa. Wengine husema ni wivu wa kiingilio tu. Mimi huona yote mawili yamo, na la tatu ni wepesi wa kukataza. Kumkataza mtu asiye na kiti barazani hakugharimu kitu. Nayajua haya kwa sababu nami nimepata kukataza hivyo hivyo, kwa neno moja, nikarudi kwenye chai yangu.

Chama hakikuvunja timu wala hakikuharamisha mpira wenyewe. Kilifunga malango ya viwanja tu. Lakini mchezo wa kiingilio bila lango ni kama duka bila mlango. Timu nyingi zilikufa moja baada ya moja. Dick, Kerr walikataa kufa. Wakatafuta viwanja vya raga, viwanja vya bustani, popote palipokuwa na majani na mwenyewe asiyekitii chama. Mnamo Septemba 1922 walipanda meli kwenda Kanada, na walipofika wakuta chama cha huko nacho kimewakataza kucheza. Wakavuka hadi Marekani, na huko waliowangojea walikuwa wanaume. Walicheza michezo tisa na timu za wanaume: wakashinda mitatu, wakatoka sare mitatu, wakashindwa mitatu. Lily alikuwa na umri wa miaka 17.

Mwaka 1926 uhusiano wa timu na kiwanda ulikatika, ikaanza kujulikana kama Preston Ladies. Lily akajifunza uuguzi katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, kaskazini ya Preston, ambako wenzake kadhaa wa timu walipata kazi. Alifanya kazi huko mpaka alipostaafu. Hapo alikutana na Mary, muuguzi kama yeye, akawa mwenzi wake wa maisha, na wawili hao wakaishi katika nyumba waliyoinunua kijijini Goosnargh. Watu wa kijiji walimjua kama muuguzi. Katika miaka hiyo hapakuwa na gazeti lililokuja kumpiga picha.

Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikafanya hesabu kwa vidole. Lily Parr aliichezea timu ile tangu mwaka 1920 mpaka mwaka 1951, muda wa miaka 31. Katika muda huo, kabla ya lango kufungwa alicheza chini ya miaka miwili. Waandishi hupenda kukaa Goodison Park na wale watu 53,000, nami nimekaa huko vile vile, maana kelele za umati ni tamu kusimulia. Lakini maisha ya mwanamke huyu hayakuwa Goodison. Yalikuwa miaka 29 ya zamu za wodini, na Jumamosi kuingia katika basi na mabuti yake mkobani, kwenda kwenye kiwanja cha kuazima ambako watazamaji walisimama nyuma ya kamba. Vita vya pili vilipokwisha alirudi tena, na mwaka 1946 akafanywa nahodha. Alipovua mabuti mwaka 1951 alikuwa na miaka 46. Hapana mkataba uliomlazimisha, hapana kombe lililokuwa linamngoja. Nimejaribu kutafuta neno la kulitaja jambo hilo, mimi ambaye maneno ndiyo kazi yangu, na nimerudi kwenye neno la chuoni: uradi. Mtu huuleta uradi wake kila siku, akionekana au asionekane.

Timu yake ilivunjika mwaka 1965. Katazo la chama liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya nusu karne kamili. Lily alikuwa hai akayasikia hayo, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwaka 1967. Alifariki tarehe 24 Mei 1978, akazikwa kwao St Helens. Mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika orodha ya mabingwa ya Makumbusho ya Kandanda ya Uingereza, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwaka 2008 chama kiliomba radhi kwa katazo la 1921. Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa katika makumbusho hayo mjini Manchester mwaka 2019, akiwa na mpira, mwili umeinama kidogo kama mtu anayetaka kupita upande wa kushoto.

Kwetu Kenya mambo yamekwenda kwa njia yake. Mwaka 2016 timu yetu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilicheza fainali za Afrika huko Kamerun kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, na hapana timu ya kandanda ya Kenya, iwe ya wanaume au ya wanawake, iliyopata kufika fainali za Kombe la Dunia kabla yao. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo redioni, nikafurahi kama mwananchi, nikaendelea kuiacha karatasi ya binti yangu ndani ya kitabu.

Niliitoa Jumapili iliyopita. Ilikuwa imeshika mkunjo, ikabidi niinyooshe kwa kiganja juu ya meza kabla ya kutia sahihi. Mama watoto, ambaye nahisi alikuwa ameamua zamani kuliko mimi, alitoa sandukuni suruali ndefu ya michezo na vitambaa viwili vya kichwa vilivyokwisha kushonwa. Jioni nilimpigia simu dada yake mkubwa huko Mombasa, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, nikamweleza nilichofanya. Alinyamaza kitambo, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akataka kujua mechi ya kwanza ni lini.